Wahubiri wa Mlangoni na Katiba ya Marekani

Mwezi Aprili 1938, katika Mtaa wa Cassius mjini New Haven, jimbo la Connecticut, kijana Jesse Cantwell aliwasimamisha wanaume wawili njiani akawaomba awapigie santuri. Wakamkubalia. Santuri hiyo ilikuwa ya hotuba ya kulishambulia Kanisa Katoliki, na wale wawili walikuwa Wakatoliki, kama walivyokuwa karibu watu tisa katika kila kumi wa mtaa ule. Walighadhibika, wakamwambia ajiondokee kabla hayajamkuta makubwa, naye akabeba mashine yake akaenda zake. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa kwa jina. Hata hivyo Jesse, baba yake Newton na ndugu yake Russell walishtakiwa kwa kuomba michango ya dini bila kibali na kwa kuvuruga amani. Tarehe 20 Mei 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwafutia hatia, na katika hukumu hiyo majaji wakatamka jambo ambalo mahakama hiyo haikuwa imewahi kuliamua: kwamba ulinzi wa kikatiba wa mtu kufuata dini yake unayabana majimbo pia, si serikali ya taifa peke yake. Ulinzi huo ulikuwa umeandikwa tangu 1791. Inafaa kuuliza ulikuwa wapi kwa karibu miaka 150.

Kwa sehemu kubwa ulikuwa kwenye karatasi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 15 Desemba 1791, yanalikataza Bunge la taifa kuweka dini ya serikali, kuzuia watu kufuata dini zao, au kupunguza uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika kwa amani na wa kuipelekea serikali malalamiko. Majimbo hayakuguswa, na hilo halikuwa la bahati mbaya. Mwaka 1789 James Madison alipendekeza kipengele cha kuyakataza majimbo nayo yasiingilie dhamiri za watu wala magazeti. Baraza la Wawakilishi likakikubali, Seneti ikakitupa. Kwa hiyo Massachusetts iliendelea kuwatoza watu kodi ya kugharamia makanisa hadi 1833, na mwaka 1838 ikamfunga Abner Kneeland siku 60 kwa kosa la kukufuru. Kusini mwa nchi, maandishi ya kupinga utumwa yalipigwa marufuku. Mwaka 1835 watu wa Charleston waliyatoa magunia ya barua kwenye posta wakayachoma moto hadharani. Hata Bunge lenyewe, lililokatazwa kwa maandishi, halikustahimili miaka kumi: mwaka 1798 lilitunga sheria ya uchochezi, na Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, akatupwa jela miezi minne kwa kumwandika vibaya Rais John Adams. Wapiga kura wake walimchagua tena akiwa ndani.

Hoja yangu ni hii. Uhuru wa kusema na wa kuabudu ambao Wamarekani wanajivunia leo haukushuka kutoka kwa waasisi wa taifa, wala haukutokana na ukarimu wa walio wengi. Sehemu yake kubwa ilichongwa kati ya miaka ya 1930 na 1940, na waliolazimisha uchongwe walikuwa kikundi kidogo ambacho karibu kila mtu alikichukia, Mashahidi wa Yehova, akina Cantwell wakiwa miongoni mwao. Zaidi ya hapo, uhuru wa kusema na uhuru wa dini, ambao wengi huuona kama haki mbili zinazokaa jirani, ulikuja kutambuliwa mahakamani kwa pamoja, kwa sababu mtu aliyekuwa akikamatwa alikuwa anafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mtu, anahubiri.

Mazingira waliyoanzia yalikuwa mabaya. Sheria ya ujasusi ya 1917 ilikuwa imewajaza jela wapinzani wa Vita Kuu ya Kwanza. Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa miaka kumi kwa hotuba moja, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu ilibariki hukumu hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Sheria hiyohiyo ilimpata Joseph Rutherford, mwanasheria aliyekuwa akiongoza shirika lililokuja kuitwa Mashahidi wa Yehova: mwaka 1918 yeye na wenzake walihukumiwa, wengi wao miaka 20 kila mmoja, wakatolewa mwaka uliofuata na hukumu zao zikatenguliwa. Ni vigumu kutoona kwamba jela ile ilimfundisha Rutherford kitu. Katika miaka ya 1930 shirika lake halikuhubiri tu mitaani kwa vijitabu, santuri na gazeti la Mnara wa Mlinzi. Lilikuwa na idara ya sheria, liliwafundisha wafuasi namna ya kujibu wanapokamatwa, na liliandaa rufaa mapema. Miji ilipotunga kanuni za kuwazuia, wao hawakuhama. Alma Lovell alikamatwa Griffin, Georgia, kwa kugawa vijitabu bila idhini ya meneja wa mji. Hakuiomba, kwa kuamini kwamba kazi ya Mungu haiombewi kibali cha mtu. Mwaka 1938 majaji wote walioisikiliza kesi yake walikubaliana naye, ila walitumia hoja ya uhuru wa magazeti: kijitabu cha mtu wa kawaida kina ulinzi uleule wa gazeti kubwa. Kisha ikaja kesi ya Cantwell, na mlango wa dini nao ukafunguliwa.

Ulifungwa baada ya wiki mbili. Minersville ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko Pennsylvania, na mwaka 1935 watoto wawili wa Shahidi mwenye duka mjini humo, Lillian wa miaka 12 na William wa miaka 10, waliacha kuipigia bendera saluti shuleni, kwa imani kwamba kufanya hivyo ni kukisujudia kitu kisicho Mungu. Walifukuzwa. (Jina la ukoo wao ni Gobitas, karani alilikosea, na kumbukumbu za sheria zinawaita Gobitis hadi leo.) Saluti yenyewe inafaa ielezwe, maana picha za wakati ule humshtua anayeziona: watoto walinyoosha mkono wa kulia mbele kuelekea bendera, na kwa macho ya mbali haikuwa rahisi kuitofautisha na saluti ya Wanazi, ambayo Mashahidi wa Ujerumani walikuwa wakifungwa kwa kuikataa. Mahakama za chini ziliwapa watoto hao haki. Mahakama ya Juu, tarehe 3 Juni 1940, ikawanyima kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Hukumu iliandikwa na Felix Frankfurter, Myahudi aliyefika Marekani kutoka Vienna akiwa mtoto asiyejua Kiingereza, naye aliona kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake na kwamba shule, si mahakama, ndizo ziamue namna ya kuujenga. Ufaransa ilikuwa inaanguka wiki zilezile. Hofu ilikuwa kweli. Lakini umma uliisoma hukumu hiyo kama ruhusa. Huko Kennebunk, Maine, Jumba la Ufalme, yaani jumba la ibada la Mashahidi, lilichomwa moto mwezi huohuo. Huko Richwood, West Virginia, naibu sherifu na wenzake waliwafungia Mashahidi ofisini, wakawanywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu, wakawafunga kamba na kuwatembeza mjini. Wizara ya Sheria ilipokea taarifa za mashambulizi kwa mamia, na watoto zaidi ya 2,000 walifukuzwa shule nchini kote.

Miaka mitatu baadaye mahakama ileile ilijikana. Bodi ya elimu ya West Virginia ilikuwa imetunga amri ya saluti mwaka 1942 kwa kunakili vipande vya hukumu ya Frankfurter, na familia za Mashahidi zikaishtaki. Tarehe 14 Juni 1943, siku ambayo Wamarekani huadhimisha bendera yao, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba hakuna afisa, mkubwa wala mdogo, mwenye mamlaka ya kuamuru raia waamini nini au watamke nini kuhusu siasa, taifa au dini. Robert Jackson aliyeandika hukumu hiyo aliitanua makusudi: hakusema kwamba Mashahidi wapewe msamaha kwa ajili ya dini yao, alisema kwamba serikali haina uwezo wa kumlazimisha mtu yeyote kula kiapo cha imani asiyokuwa nayo. Kwa maneno mengine, shauri lililoletwa kwa jina la dini liliamuliwa kwa jina la uhuru wa kusema, pamoja na uhuru wa kunyamaza. Kesi za namna hiyo zilisafiri pamoja na Mashahidi wenyewe. Mahakama ya Juu ya India iliwarudisha shuleni watoto wao mwaka 1986, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa haki wanafunzi wao waliokataa kuimba wimbo wa taifa mwaka 2013.

Wapo watakaosema kwamba naipa sifa miguu ya wahubiri wakati kazi ilifanywa na mambo makubwa zaidi. Rais Roosevelt alikuwa amebadilisha majaji; majaji watatu, Black, Douglas na Murphy, walikiri hadharani mwaka 1942 kwamba walikosea; na Wamarekani walikuwa vitani na utawala uliolazimisha watu kunyoosha mikono. Yote ni kweli. Bunge lenyewe liliiondoa saluti ya mkono ulionyooshwa Desemba 1942, likaweka ya mkono kifuani, na kila mtu alijua sababu. Lakini jaji hawezi kuamua kesi ambayo haikuletwa. Kuna mtu aliyelazimika kupoteza kwa wanane dhidi ya mmoja, akafukuziwa watoto, akachomewa jumba la ibada, kisha akarudi mahakamani na shauri lilelile. Owen Roberts ni mfano mzuri wa jinsi majaji wasivyotosha: yeye ndiye aliyeandika hukumu ya kumwachia Cantwell mwezi Mei 1940, na mwezi Juni akawapigia kura ya kuwakataa watoto wa Minersville. Hakubadilika hata 1943. Wengine watasema andiko ndilo lenye kazi, kwa kuwa bila Marekebisho ya Kwanza Mashahidi wasingekuwa na la kutetea. Hilo nalikubali nusu. Katiba ya Kisovyeti ya 1936 nayo iliahidi uhuru wa kusema, wa magazeti na wa ibada, katika vifungu vya 124 na 125, na tunajua ilivyokuwa kwa waliojaribu kuvitumia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine: kwamba mashujaa wangu hawakuwa watu wa kupendeza, na kwamba uhuru waliouleta unawakinga watukanaji. Ndivyo ilivyo. Mashahidi hawakupigania uhuru wa Wakatoliki. Waliwaita makasisi wanyang'anyi na walidai nafasi ya kusema hivyo kwenye milango ya Wakatoliki. Na mahakama haikuwapa kila kitu. Mwaka 1942 Walter Chaplinsky alishindwa kwa kauli moja kwa kumwita afisa wa mji wa Rochester, New Hampshire, fashisti aliyelaaniwa, na mwaka 1944 Sarah Prince alishindwa kwa kumchukua mtoto wa miaka tisa kuuza magazeti ya dini barabarani usiku. Mipaka ipo, na baadhi yake iliwekwa kwenye migongo yao. Lakini anayedhani kwamba ulinzi wa maneno ya kuudhi huwafaa wenye nguvu tu aangalie ni nani waliorithi hukumu hizi. Mwaka 1961 polisi wa Columbia, South Carolina, waliwakamata wanafunzi Weusi 187 waliokuwa wakiandamana kwa amani kwenye viwanja vya bunge la jimbo, na shtaka likawa lilelile la Jesse Cantwell, kuvuruga amani. Mahakama ya Juu ilipowafutia hatia mwaka 1963 ilijengea juu ya kesi yake. Mchungaji Fred Shuttlesworth, aliyehukumiwa kwa kuandamana Birmingham bila kibali, alishinda mwaka 1969 kwa kanuni iliyotokana na vijitabu vya Alma Lovell. Mwaka huohuo Mary Beth Tinker, aliyesimamishwa shule huko Des Moines akiwa na miaka 13 kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kuomboleza wafu wa Vietnam, alishinda kwa hukumu iliyoitegemea ile ya bendera. Kanuni ya amani na ya vibali ilikuwa silaha ya watawala wa mji, na watawala wa Kusini waliitumia kwa Weusi kwa raha zao. Kuinyang'anya mikononi mwao kulihitaji kwanza mtu aliyekuwa tayari kuudhi mtaa mzima.

Mabishano hayajaisha, wala upande wa Frankfurter haujafa. Mwaka 1990, katika kesi ya watu wawili walioachishwa kazi kwa kutumia peyote, mmea wa kulevya, katika ibada ya Wamarekani wa asili, Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba sheria inayomhusu kila mtu haiwezi kukwepwa kwa hoja ya dini, na katika kuijenga hoja hiyo alinukuu hukumu ya 1940 dhidi ya watoto wa Minersville, iliyokuwa imetenguliwa kwa miaka 47. Bunge lilijibu mwaka 1993 kwa sheria ya kurudisha ulinzi mpana zaidi. Na miji midogo haijakoma kutunga kanuni zake. Stratton, Ohio, kijiji chenye watu wasiofika 300, kilitaka kila anayebisha hodi kueneza hoja yake achukue kwanza kibali kwa meya. Mashahidi wa Yehova walishtaki, na tarehe 17 Juni 2002 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa majaji wanane dhidi ya mmoja.