Nani Ana Ruhusa ya Kufungua Friji Yako?

Mwezi uliopita friji ya mama ilikufa. Sisi tunakaa Lanet, na wenyeji wa hapa mnaijua stima yetu: inapotea jioni watu wakipika, inarudi kwa kishindo, na kitakachokufa kinakufa. Safari hii ilikuwa zamu ya friji. Nilipiga simu kwenye kituo rasmi cha kampuni iliyotuuzia. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Aliniambia niipeleke Nairobi kwa gharama yangu, nilipe ada ya kuangaliwa, na akanionya mapema kwamba kwa aina hiyo ya friji bodi haitengenezwi, hubadilishwa nzima. Bei ya bodi ilikaribia nusu ya bei ya friji mpya. Waranti ilikuwa imekwisha miezi miwili kabla.

Mama hakungoja nimalize hesabu. Alimwita fundi mwenye kibanda karibu na steji, mzee ambaye alikuwa akitutengenezea redio tangu nikiwa darasa la pili. Alikuja na mkoba, mita na bisibisi. "Kijana wangu, shika tochi hapa," akaniambia. Baada ya dakika arobaini alikuwa amepata ugonjwa: fyuzi imeungua, na kile kipande kidogo cha buluu kinachojitoa mhanga stima inapozidi kilikuwa kimepasuka. Alitoa kingine kwenye bodi ya runinga iliyokufa, akakipiga solda, akaweka fyuzi mpya. Tulimlipa shilingi 1,500. Friji inafanya kazi mpaka leo.

Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta na ninaandika programu kila siku. Kazi yangu jioni hiyo ilikuwa kushika tochi. Nikaanza kujiuliza: ilikuwaje kitu kinachotengenezeka kwa 1,500 kikaitwa hakitengenezeki? Jibu lina historia ndefu, nami leo nataka tuipitie pamoja.

Tuanze na reli. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kuzunguka stesheni ili kuwahudumia walowezi waliolima Bonde la Ufa. Mashine zilitoka ng'ambo, na ujuzi wa kuzitengeneza ulikaa ndani ya karakana za reli, za walowezi na za mafundi wa Kihindi. Mwafrika aliingia humo kama msaidizi. Alipewa spana, hakupewa kitabu. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kufunza ufundi kule Kabete, lakini wengi walijifunza kwa kutazama mikono ya wenzao. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alionyesha jinsi ujuzi huo ulivyotoka katika karakana za Wahindi ukaingia mitaani, hadi watu wakawa wanatengeneza koroboi na vifaa vya baiskeli kutokana na bati kuukuu.

Kisha redio ikaenea. Hapa kuna jambo ambalo vijana wa rika langu wengi hawalijui: redio nyingi za zamani zilikuja na mchoro wa saketi umebandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma. Mwenye kiwanda alijua kwamba redio itaharibika mbali na yeye, na kwamba mtu fulani ataifungua, hivyo akamwachia ramani. Redio za transista zilipokuja, zikitumia betri, ziliingia hata vijiji visivyo na stima, na fundi wa redio akawa mtu wa lazima katika kila soko. Hapa Nakuru hata betri zilikuwa zetu: kiwanda cha Eveready kiliajiri watu wa mji huu kwa miongo mingi hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Kwa muda mrefu serikali haikuwahesabu mafundi hawa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoisambaza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Ilisema, kwa kifupi, kwamba watu hawa wanazalisha, na kwamba kuwafukuza ni hasara. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua, lile jua kali lililowapa jina. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera uliohusu hasa biashara ndogo na jua kali. Mazungumzo yalikuwa juu ya vibanda, mikopo na leseni. Ni mambo ya maana, lakini sijaona palipoulizwa ni nani atakayempa fundi mchoro na spea.

Mwaka 1993 vibali vya kuagiza bidhaa viliondolewa na soko likafunguka. Vifaa vya mitumba kutoka Ulaya na Asia vikamiminika. Kwa fundi ilikuwa neema: kila runinga iliyokufa ikawa ghala la spea. Kile kipande cha buluu kilichofufua friji ya mama ni mtoto wa soko hilo.

Wakati huohuo, huko Marekani vita vingine vilikuwa vimepamba moto, tena katika fani yangu. Mwaka 1956 serikali ya nchi hiyo ilifikia mapatano na kampuni ya IBM mahakamani. IBM ilitakiwa iuze mashine zake badala ya kukodisha tu, na iwauzie mafundi huru spea na kuwapa vitabu vya maelekezo. Yaani tangu enzi za mashine zenye ukubwa wa chumba, ilishajulikana kwamba anayeshika spea na kitabu ndiye anayeshika soko la kutengeneza.

Miaka ya 1980 Kodak, iliyokuwa ikiuza mashine za kunakili karatasi, iliamua kutowapa mafundi huru spea. Mafundi hao wakaenda mahakamani. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba kesi yao ina msingi na isikilizwe. Mwaka 1995 baraza la mahakama likawapa ushindi.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1993, katika kesi ya MAI dhidi ya Peak, mahakama ya rufani ilisema kwamba fundi huru anapowasha kompyuta ya mteja, programu inapopakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine, hiyo ni kunakili, na kunakili bila idhini ni kuvunja hakimiliki. Soma tena sentensi hiyo. Kuwasha tu! Bunge la Marekani lilirekebisha jambo hilo kwa sheria mwaka 1998, ila somo lilikuwa limeshaeleweka: mahali ambapo huwezi kuficha spea, tumia programu. Richard Stallman alikuwa ameliona mapema. Hadithi yake ni maarufu miongoni mwetu: printa ya Xerox pale MIT ilikuwa ikikwama karatasi, yeye aliweza kuirekebisha programu yake, lakini alinyimwa chanzo cha programu hiyo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. Kwa hiyo vuguvugu la programu huria, ambalo leo linaendesha seva nyingi za intaneti, lilichochewa na mtu aliyezuiwa kutengeneza mashine.

Turudi nyumbani. Friji ya zamani ilikuwa na mota, gesi na kidhibiti joto cha kawaida. Mita na sikio vilitosha. Friji ya leo ina bodi yenye programu. Simu ina programu. Tangu mwaka 2012 M-KOPA imeuza hapa Kenya mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo, ambayo huzimwa kwa mbali malipo yakikoma. Mwaka 2020 Safaricom ikishirikiana na Google ilianza kuuza simu kwa mtindo huohuo. Sisemi ni vibaya. Mipango hii imewapa taa na simu watu ambao benki zisingewatazama. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya kwanza mashine inakaa nyumbani kwako na ufunguo wake unakaa ofisini kwa mtu mwingine. Bisibisi ya mzee wetu haifiki huko.

Nikiri jambo. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika mistari ya namna hiyo. Ilikuwa mashine ya kupoza maziwa. Niliambiwa niongeze ukaguzi: kihisio cha joto kikibadilishwa na namba yake isiwe kwenye orodha yetu, mashine igome na ionyeshe ujumbe wa kumtaka mteja atupigie simu. Sababu niliyopewa ni usalama. Niliimaliza alasiri moja, nikaenda nyumbani nikiwa nimefurahi. Sikufikiria mfugaji ambaye maziwa yake hayawezi kungoja fundi wa kampuni atoke Nairobi.

Tuwe wa haki pia. Hoja ya usalama si uongo mtupu. Gesi ya R12 ya friji za zamani iliharibu tabaka la ozoni, ikaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2010. Friji nyingi za sasa hutumia R600a, ambayo hushika moto. Fundi asiyejua tofauti anaweza kuunguza nyumba. Tena sote tumekutana na yule fundi anayechomoa spea nzima na kuacha mbovu. Lakini dawa ya kutojua ni kufundishwa. Kumfungia mlango yule mzuri ili kumkomesha mbaya ni kuwaadhibu wote wawili, na mama ndiye anayelipa.

Wenzetu wameanza kuamka. Januari 2023 John Deere iliandikiana makubaliano na chama kikubwa cha wakulima wa Marekani kuhusu zana na maelekezo ya kutengenezea matrekta, ingawa Januari 2025 serikali iliishtaki kampuni hiyo kwa kuendelea kuwabana wakulima. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, na nchi wanachama zikapewa hadi Julai 2026 kuitekeleza. Hapa kwetu, sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa taka za bidhaa zake. Basi tuulize swali rahisi: kama anawajibika kwa friji ikishakuwa taka, kwa nini asiwajibike kuizuia isiwe taka mapema?

Sidai miujiza. Nadai vitu vitatu: mchoro upatikane, spea ziuzwe kwa yeyote, na ujumbe wa hitilafu useme ugonjwa ni nini badala ya kusema "piga simu". Hicho cha tatu kiko mikononi mwetu sisi tunaoandika programu. Hakuna sheria inayotuzuia kuandika "kihisio cha joto hakijibu" kwa lugha ambayo fundi wa Lanet anaielewa.

Mzee alipokuwa akifunga mkoba wake nilimwuliza kama kuna kitu naweza kumsaidia, maana najua mambo ya kompyuta. Hakuomba pesa. Aliomba nimtafutie mchoro wa bodi ile, kwa sababu friji za aina hiyo zimeanza kuwa nyingi mtaani na anachoka kubahatisha. Nilimwambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya dakika tano."

Hii ni wiki ya nne. Bado natafuta.