Seli ya kwanza: kuku au yai?

Sisi tunaoandika programu tunalijua fumbo hili: kompaila ya kwanza ilitafsiriwa na kompaila gani? Jibu letu ni rahisi. Mtu aliketi akaandika maagizo kwa mkono.

Sasa tazama seli. Inahitaji maagizo ya DNA ili itengeneze protini, na inahitaji protini ili inakili DNA. Kuku na yai! Wanakemia wamekuwa wakiuliza kwa karibu miaka mia moja: je, kemia peke yake ingeweza kuanza?

Mwaka 1924 Mrusi Alexander Oparin alichapisha kijitabu mjini Moscow akisema inawezekana. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey huko Chicago, alipitisha cheche za umeme kwenye chupa yenye mvuke na gesi, akapata asidi amino. Vipuri vilipatikana, ila vipuri si gari. Gari lina bodi.

Bodi ya seli ni utando wa mafuta. Miaka ya 1960, Alec Bangham wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta ya aina hiyo yakitiwa majini hujikunja yenyewe kuwa vifuko. Hakuna fundi.

Jack Szostak na wenzake huko Boston wakaendelea kutoka hapo, wakitumia asidi za mafuta, ndugu wa sabuni. Mwaka 2003 walionyesha kwamba udongo fulani wa mfinyanzi huharakisha kuundwa kwa vifuko, na punje zake zinaweza kuingia ndani zikiwa zimebeba RNA. Vifuko vililishwa mafuta vikakua, vikasukumwa kwenye vitundu vidogo vikagawanyika.

Basi wakakutana na hitilafu ambayo mtu wa programu angeicheka kwa uchungu. RNA ikijinakili bila protini huhitaji magnesi, na magnesi hiyohiyo huharibu utando. Ukirekebisha huku, kule kunavunjika. Mwaka 2013 Katarzyna Adamala na Szostak waliongeza sitreti, jamaa ya asidi ya ndimu: utando ukasalimika, kunakili kukaendelea.

Lakini dunia changa ingeitoa wapi sitreti ya kutosha? Na vile vifuko, ni mkono wa mtafiti uliovisukuma. Mpaka leo hakuna aliyejenga kwa kemikali sahili kifuko kinachokula, kujinakili na kurithisha bila kusaidiwa. Siku mkono huo utakapoondolewa na kazi iendelee, ndipo tutakuwa na jibu.