Mkono wa Damu: Carl Peters, Kilimanjaro na Swali la Ushahidi

Utangulizi

Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilimteua Dakta Carl Peters kuwa Kamishna wa Dola katika eneo la Kilimanjaro. Peters alikwisha kujulikana Ulaya kama mpelelezi na mwasisi wa koloni la Afrika Mashariki. Aliweka makao yake Marangu, katika himaya ya Mangi Mareale. Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliamuru mtumishi wake mmoja, Mabruk, anyongwe. Mwezi Januari 1892 aliamuru anyongwe mwanamke aliyetajwa katika nyaraka kwa jina la Jagodja.

Vifo hivyo viwili vimejadiliwa kwa zaidi ya karne moja: bungeni, mahakamani, magazetini, katika sinema, na hata katika vibao vya majina ya barabara. Mhadhara huu haukusudii kuongeza hukumu nyingine juu ya zile zilizokwisha kutolewa. Unakusudia kuchunguza ushahidi uliojenga hukumu hizo, na kuuliza Kiswahili kina nafasi gani katika ushahidi huo. Hoja inayotetewa ni kwamba kesi ya Peters iliadhibu aibu aliyoiletea dola yake, wala haikuadhibu namna wenyeji walivyotendewa. Tofauti hiyo haionekani vizuri hadi vyanzo vya Kijerumani visomwe kwa sikio la Kiswahili.

Peters kabla ya Kilimanjaro

Peters alizaliwa mwaka 1856 huko Neuhaus, kando ya mto Elbe. Mwaka 1884 alishiriki kuunda chama cha ukoloni cha Kijerumani, na mwishoni mwa mwaka huo alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akikusanya mikataba na wakuu wa huko. Mikataba hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wakuu hao hawakuijua. Mnamo tarehe 27 Februari 1885 Kaizari alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Mwaka 1889 hadi 1890 Peters aliongoza msafara kupitia bonde la mto Tana hadi Uganda, kwa madai ya kumwokoa Emin Pasha. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilichapishwa mwaka 1891. Humo anasimulia mwenyewe, tena kwa majivuno, jinsi alivyopigana na watu aliopita katika nchi zao, wakiwamo Wamasai, na jinsi alivyochoma vijiji. Kwa hiyo serikali iliyompeleka Kilimanjaro haikuwa na haja ya kutafuta mpelelezi wa siri ili kujua tabia yake. Kitabu kilikuwa kinauzwa madukani.

Kilimanjaro yenyewe wakati huo haikuwa nchi ya mtawala mmoja. Kila himaya ilikuwa na mangi wake, na ushindani baina ya mamangi ulikuwa mkali. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alijipatia nguvu kwa urafiki na wageni. Mangi Sina wa Kibosho alishindwa na jeshi la Wissmann mwezi Februari 1891. Mareale wa Marangu alijua kuutumia ujio wa Wajerumani kwa faida yake. Katika mazingira hayo kituo cha kijeshi hakikuwa ofisi ya utawala tu. Kilikuwa mshiriki katika siasa ya mlima.

Ushahidi wa Berlin

Habari za Marangu zilifika Ulaya kwa njia ya maofisa, wamisionari na wasafiri. Mwezi Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, alizitoa katika Bunge la Ujerumani. Alidai kwamba Mabruk na Jagodja waliuawa kwa sababu ya wivu, kwa kuwa Jagodja alikuwa mwanamke wa Peters na Mabruk alishukiwa kuwa na uhusiano naye. Bebel alitaja pia barua ambayo, kwa madai yake, Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Kanisa la Anglikana akijitetea kwamba alifuata desturi ya Kiafrika ya kuadhibu uzinzi.

Barua hiyo haikupata kuthibitishwa, na Peters alikana kuiandika. Watetezi wake wameishikilia hoja hiyo tangu wakati huo: kwa kuwa barua haikuwapo, basi kesi nzima ilikuwa uzushi. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kutulia. Kuanguka kwa kipande kimoja cha ushahidi hakuangushi vipande vingine. Peters hakukana kwamba Mabruk na Jagodja walinyongwa, wala hakukana kwamba amri ilikuwa yake. Alichobishania ni sababu. Alidai kwamba Mabruk aliadhibiwa kwa kuvunja nyumba na kuiba, na kwamba hatua dhidi ya Jagodja zilitokana na kutoroka kwake na usalama wa kituo. Tendo, basi, limethibitishwa na mtendaji mwenyewe. Kinachobaki kwenye ubishi ni nia.

Baada ya uchunguzi kufanywa mara tatu, mahakama ya nidhamu ilimwondoa Peters katika utumishi wa dola mwaka 1897. Kosa lake lilikuwa matumizi mabaya ya madaraka. Msamiati huo wahitaji kuangaliwa kwa makini. Mahakama ya nidhamu huhukumu uhusiano baina ya mtumishi na mwajiri wake. Aliyekosewa, kwa mujibu wa utaratibu huo, ni dola ya Ujerumani. Mabruk na Jagodja wamo katika kesi kama sababu tu. Si walalamikaji, wala hakuna ndugu aliyeitwa Berlin kuwasemea.

Majina kama ushahidi

Mtaalamu wa Kiswahili anaweza kuanza pale ambapo mwanasheria alikomea, yaani katika majina.

Mabruk ni jina la asili ya Kiarabu lenye maana ya aliyebarikiwa. Katika karne ya 19 lilienea sana pwani miongoni mwa watumwa, watumwa walioachwa huru, na wapagazi wa misafara. Kwa jina lake, Mabruk anaelekea kuwa mtu wa ulimwengu wa pwani aliyefika mlimani pamoja na msafara, wala si Mchaga wa Marangu. Kama ndivyo, basi dhana ya kwamba kisa hiki ni cha Mzungu na Wachaga peke yao haitoshi. Kituo kilikuwa na watu wa asili mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Jina la Jagodja linafundisha jambo jingine. Limeandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, ambamo herufi J husomwa kama Y ya Kiswahili. Msomaji anayelitamka kwa mazoea ya Kiswahili au ya Kiingereza analipeleka mbali zaidi na sauti aliyoisikia mwandishi. Aidha, nyaraka hazikubaliani juu ya tahajia yenyewe: pana Jagodja, pana Jagodia, pana Jagodjo. Makarani walioandika cheo cha Peters bila kukosea hata herufi moja hawakuona haja ya kukubaliana juu ya jina la mwanamke aliyenyongwa. Kutokubaliana huko ni ushahidi wa thamani aliyopewa.

Jina la tatu ni la Peters mwenyewe. Anakumbukwa Afrika Mashariki kwa lakabu ya Mkono wa Damu. Lakabu walizopewa Wazungu wa zama hizo ni nyingi. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, katika lugha ya watu wa Kongo. Ofisa Tom von Prince aliitwa Bwana Sakarani. Linganisha majina haya mawili ya Kiswahili. Katika la Prince, neno Bwana limetangulia, na heshima ya cheo imehifadhiwa hata kama jina lenyewe lina dokezo la ulevi wa vita. Katika la Peters hakuna Bwana. Hakuna hata mtu. Umebaki mkono tu. Kwa Kiswahili mkono ni kiungo, lakini pia ni uwezo, utendaji na athari ya mtu. Waliompa jina hilo walimpunguza mtawala akawa tendo lake.

Yafaa pia kusisitiza kwamba lakabu hiyo ni ya Kiswahili, si ya Kichaga. Yumkini ilienezwa na wale waliotembea naye au waliokutana na habari zake njiani: wapagazi, askari na watumishi. Watu hao hawakuitwa kutoa ushahidi Berlin. Maneno matatu waliyoyaacha ni maelezo mafupi kuliko faili lolote la mahakama, na yanazungumzia jambo ambalo mahakama haikuliuliza: mwenyeji alimwonaje mtu huyu?

Mbinu hii yaweza kuendelezwa zaidi. Maandishi ya maofisa wa Kijerumani yamejaa maneno ya Kiswahili, kama vile boma, askari, kiboko na shauri. Neno shauri, walilolitahajia Schauri, linastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee. Kwa Kiswahili shauri hudai watu wawili au zaidi wanaoshauriana. Katika Kijerumani cha koloni likawa jina la kikao ambamo ofisa alisikiliza na kuamua peke yake. Neno limebaki na sura yake, maana imenyang'anywa.

Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili nayo hayapokelewi bila kuhojiwa. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, unatoa mtazamo wa pwani juu ya vita vya 1888 na 1889, lakini si habari za mlima. Masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901 yaliandikwa na Waswahili chini ya jicho la mwajiri Mjerumani. Kila chanzo kina bwana wake.

Mtu wa zama zake, au mtu wa pekee?

Watetezi wa Peters wametumia hoja mbili zinazopingana. Ya kwanza husema alikuwa mtu wa zama zake, hivyo asipimwe kwa vipimo vya leo. Hoja hii inavunjwa na zama zenyewe: Bebel alisema bungeni mwaka 1896, na waliomfukuza kazi mwaka 1897 walikuwa Wajerumani wa kizazi chake.

Ya pili huwapendeza zaidi watetezi wa ukoloni kuliko watetezi wa Peters. Husema kwamba alikuwa mtu wa pekee, tunda moja bovu katika kapu zima. Hoja hii inavunjwa na yaliyotokea baadaye kwenye mlima uleule. Mwezi Juni 1892, baada ya Peters kuondoka, jeshi la Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, lilimshinda na kumuua ofisa von Bülow. Mwaka 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa, akamshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900, chini ya utawala wa Kapteni Johannes, viongozi 19 walinyongwa Old Moshi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha.

Kwa vifo 2, ofisa mmoja alifukuzwa kazi. Kwa vifo 19, hakuna aliyefukuzwa. Tofauti haikuwa katika uzito wa kitanzi. Vifo vya mwaka 1900 vilitolewa kama hukumu ya uhaini, vikaandikwa kwa lugha ya utawala, wala havikuchanganyika na kashfa ya chumbani. Vya Marangu viliifedhehesha Berlin. Vya Old Moshi viliihudumia.

Hukumu zilizofuata

Mwaka 1905 Kaizari Wilhelm II alimruhusu Peters kutumia tena cheo chake, na mwaka 1914 akampa malipo ya uzeeni. Peters alifariki mwaka 1918. Mwaka 1937 Hitler aliifuta hukumu ya 1897, na mwaka 1941 sinema ya propaganda ikamwonyesha kama shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa wa nyumbani. Mwaka 2024 barabara ya Berlin iliyopewa jina lake mwaka 1939 ilibadilishwa, na sehemu yake moja ikaitwa kwa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji. Kupanda na kushuka kwa jina la Peters kumefuata siasa ya Ujerumani kila mara. Faili lilikuwa lilelile.

Kilichobadilika hivi karibuni ni aina ya ushahidi. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba wa mafuvu yaliyopelekwa Berlin wakati wa ukoloni ulipata ndugu walio hai wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea. Kwa mara ya kwanza jamaa za waliouawa wamo ndani ya kesi kama wahusika. Mabruk na Jagodja hawana bahati hiyo: majina yao hayana ukoo uliotajwa nyarakani.

Hitimisho

Kutoka Soweto, mtaa wa mji wa Moshi, hadi Marangu ni mwendo wa takriban kilomita 40. Mwanafunzi wa Soweto anayetaka kusoma yaliyotendeka huko mwaka 1891 hulazimika kuyatafuta katika nyaraka za Idara ya Makoloni zilizohifadhiwa Berlin, kwa Kijerumani, na mara nyingi kwa mwandiko ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Umbali huo ni sehemu ya dhuluma inayojadiliwa.

Kazi iliyopo mbele ya wataalamu wa Kiswahili ni ya kiutendaji: kutafsiri mashauri ya Peters kwa Kiswahili, yakiwa na maelezo ya kila neno la Kiswahili lililonaswa ndani yake, kusahihisha matamshi ya majina, na kuyalinganisha na masimulizi ya Uchagani, yale ambayo Nathaniel Mtui wa Marangu alianza kuyaandika mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo Kathleen Stahl aliyatumia katika historia yake ya mwaka 1964. Kazi hiyo haitamfufua Mabruk wala Jagodja. Itawatoa katika nafasi ya sababu ya kesi ya mtu mwingine, na kuwaweka katika nafasi ambayo sheria ya 1897 haikuwa nayo kwa ajili yao, nafasi ya waliokosewa.