Haki ya Mwenye Nyumba Kuketi Mkutanoni

Katika mwaka wa 1929, kwenye mashamba ya Fair Lawn katika jimbo la New Jersey, si mbali na jiji la New York, waliingia wakazi wa kwanza wa mtaa uitwao Radburn, ambao wasanifu wake, Clarence Stein na Henry Wright, walikusudia uwafae watu wa zama za motokaa: nyumba zimeyapa magari kisogo na kuzielekea bustani, na njia za waendao kwa miguu zimepitishwa mbali na barabara, ili mtoto aweze kucheza na kutembea pasi na kuhofiwa. Mabingwa wa ujenzi wa miji kutoka pande nyingi za dunia wameuandika mtaa huo na kuusifu. Lakini liko jambo jingine lililotiwa msingi hapo, lisiloonekana kwa macho kwa kuwa limo katika hati, nalo kwa maoni yangu lina athari kubwa kuliko bustani zote zile.

Bustani hizo, pamoja na viwanja vya michezo na mabwawa ya kuogelea, hazikuwa mali ya serikali, na hapana budi awepo wa kuzitunza na wa kuzigharimia. Mwanasheria Charles Ascher akaunda chama, na kila nyumba ikafungwa kwa masharti ya kwamba mnunuzi atatoa ada mwaka hadi mwaka, wala hatabadili jengo lake ila kwa idhini. Na masharti hayo yakaambatana na ardhi yenyewe, hata nyumba ikiuzwa mara kumi yakamwandama kila aingiaye. Mapatano ya namna hiyo yalikuwako zamani, kama yale ya Gramercy Park, New York, ya mwaka 1831; ila waliofuata waliiga zaidi ya Radburn. Na ndani yake mlikuwa na kasoro ambayo siwezi kuiita ila dhuluma: mtu alinunua nyumba, akalipa ada, akatii amri, na bado hakuwa mwanachama. Kwa miaka mingi wanachama walikuwa ni wadhamini waliomo madarakani na wale waliopata kuwa wadhamini, nao ndio walioshika hatamu za kuteua wagombea. Wakazi walilalamika, wakafika mpaka mahakamani. Na hapo Julai 2017 ndipo jimbo lilipotoa sheria, ambayo watu huiita kwa jina la mtaa ule ule, kwamba kila mwenye nyumba ni mwanachama wa chama chake na ana haki ya kupiga kura. Ilikuwa imepita miaka 88.

Asili ya kuwaweka wenye nyumba nje ya maamuzi si uovu wa watu fulani, bali ni sura ambayo vyama vilipewa tangu kuzaliwa. Mbele ya sheria chama cha wenye nyumba kilikuwa kampuni, na wakurugenzi wa kampuni, kwa desturi ya biashara, hukutana faraghani, mwenye hisa akangoja mkutano mkuu wa mwaka. Tena mjenzi, aliyekuwa bado na nyumba za kuuza, alivishika viti vya halmashauri yeye na watu wake, na hakuwa na haja ya mashahidi. Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilipokubali kudhamini mikopo ya kununulia nyumba za ghorofa zenye wamiliki wengi, vyama vikaongezeka upesi: mwaka 1970 vilikadiriwa kuwa 10,000, na leo vimepita 350,000. Mamilioni ya watu wakawa chini ya halmashauri zinazotoza ada, zinazotoza faini, na hata zinazoweza kuitia nyumba mnadani kwa deni la ada, bila ya kujua lini zinakutana wala zinasema nini.

Huko California watu walikuwa wamekwisha kupigania mlango wazi wa mikutano ya aina nyingine. Mwaka 1952 mwandishi Michael Harris wa gazeti la San Francisco Chronicle alifichua jinsi mabaraza ya miji yalivyokuwa yakikata mashauri kwa siri, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iitwayo Ralph Brown, iliyoyaamuru yakutane hadharani. Halmashauri za vyama hazikuguswa, maana zilihesabiwa kuwa za watu binafsi. Hoja hiyo ilianza kulegea mwaka 1983, pale mahakama ya rufani, katika kesi ya chama cha Kite Hill, ilipokiri kwamba chama kama hicho hufanya kazi mfano wa serikali ndogo, na kwa hiyo kinawajibika kwa watu wake. Mwaka 1985 ikaja sheria ya vyama iitwayo Davis-Stirling, na katika miaka ya tisini zikatiwa ndani yake kanuni za mikutano ya wazi.

Kanuni hizo zastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu waliozitunga walifahamu kwamba mlango ulio wazi haumfai asiyejua saa ya kuingia. Ilani hutolewa siku nne kabla ya mkutano, pamoja na orodha ya mambo yatakayozungumzwa, na lisilokuwamo katika orodha, isipokuwa kwa dharura na mambo machache yaliyotajwa, halijadiliwi. Mwanachama huingia, huketi, na hupewa nafasi ya kusema kwa muda wa kadiri. Kumbukumbu, au rasimu yake, lazima ipatikane katika siku 30. Faragha imebakizwa kwa mambo kama kesi, mikataba na watu wa nje, wafanyakazi, na adhabu ya mwanachama, ambaye mwenyewe ana haki ya kuwapo shauri lake linapozungumzwa. Aliyenyimwa haki hizi aweza kushitaki ndani ya mwaka mmoja, na chama chaweza kutozwa hadi dola 500 kwa kila kosa. New Jersey ilikuwa na mkono mzito zaidi: iliifungua mikutano, ila ikaviacha vikao vya kazi ambavyo havipigi kura ya kufunga jambo, na kila aliyekaa katika halmashauri ajua kwamba shauri huiva katika kikao kama hicho.

California nayo ilikumbana na shida hiyo hiyo kwa njia ya barua pepe. Tangu mwaka 2012 wajumbe wamekatazwa kuamua jambo kwa barua hizo, ila kukiwa na dharura na wote wameridhia kwa maandishi. Lakini mwaka 2023 mahakama ya rufani, katika kesi ya chama cha Alta Del Mar, ilisema kwamba wajumbe kuandikiana juu ya mambo ya chama si mkutano, maadamu hawatoi uamuzi. Kwa herufi za sheria majaji hawakukosea, kwani sheria inataja wajumbe kukusanyika wakati mmoja mahali pamoja. Hata hivyo naona kwamba bunge la jimbo lina deni hapa: mwenye nyumba anayefika jioni na orodha mkononi, akashuhudia mikono ikiinuliwa kwa jambo ambalo wajumbe wamekwisha kulijadili na kulimaliza kwa kuandikiana, amepewa kiti, ila yale mashauriano aliyokuja kuyasikia hayakufanyika mbele yake.