Mizunguko Kumi na Miwili na Nusu

Agosti 1, 1980, katika Uwanja wa Lenin jijini Moscow, Suleiman Nyambui alimaliza fainali ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 21.60. Mbele yake alikuwepo Miruts Yifter wa Ethiopia tu, na tofauti yao haikufika hata sekunde moja. Siku moja kabla, Filbert Bayi naye alikuwa amechukua fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka leo, medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili.

Haya yote yameandikwa. Ambacho hakijaandikwa ni siku nyingine zote, zile ambazo hakuna aliyeshika saa wala kamera. Nimeandika habari za michezo kwa miaka kadhaa na najua tunavyofanya: jina, muda, nafasi, basi. Mazoezi tunayapa sentensi moja, eti "baada ya maandalizi ya muda mrefu". Ndani ya sentensi hiyo kuna maisha ya mtu.

Nyambui ni mtu wa Majita, huku kwetu Mara, upande wa ziwa. Mimi ni wa Mbalibali, Serengeti, upande wa ng'ombe. Nikiwa nyumbani nakimbia barabara moja ya vumbi, kwenda na kurudi, kila asubuhi ileile. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake alinisimamisha.

"Mura, nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Narudi nyumbani."

Akacheka, akaendelea na ng'ombe wake. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuwauliza wanariadha.

Maana ukilifikiria, mkimbiaji wa uwanjani haendi popote. Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu, mita 10,000 ni mizunguko 25, na kila mara unarudi palepale ulipoanzia. Nyambui, akisoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Februari 1981, New York, akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ukumbini, 13:20.4. Ukumbini duara ni fupi, kwa hiyo kona ni nyingi zaidi na mizunguko ni mingi zaidi. Mtu asiyeweza kuvumilia kitu kilekile hafiki huko, hata awe na miguu ya swala.

Lakini kuvumilia siyo neno lenyewe hasa. Barabara yangu haibadiliki, na hiyo ndiyo faida yake. Kilima ni kilekile, kwa hiyo pumzi ikikata mapema najua ni mimi, siyo kilima. Ukirudia vya kutosha unaanza kuijua kasi yako bila kutazama saa, kama mama anavyojua ugali umeiva bila kuuonja. Ujuzi huo haupatikani siku ya mashindano. Siku ile unautumia tu.

Na siku ile inaweza isije kabisa. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo huku John Walker wa New Zealand akimfukuza. Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal, 1976. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 za Afrika zikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mimi naona kususia kule kulikuwa halali. Ila mtu alikuwa amekimbia miaka yote ile, na mbio zenyewe hazikuwepo. Fedha ya Moscow, katika mbio nyingine kabisa, ilitoka kwenye miguu ileile.

Halafu kuna John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anaijua Mexico 1968: alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea wa mwisho, muda 3:25:27, bendeji mguuni. Tunaisimulia kama hadithi ya moyo mkuu wa usiku mmoja, na sina ugomvi na hilo. Nashangaa tu kwamba hatuendelei mbele. Akhwari alirudi mazoezini. Mwaka 1970, katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5.