Moraa Hakuwa Mchawi

Mwaka jana nilimpeleka nyanya kliniki huku Nyamira. Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Alimpima, akamwandikia dawa, akamweleza kila kitu polepole kwa Ekegusii. Tulipotoka, nyanya akaniuliza: “Huyo sista amemaliza. Sasa daktari anakuja saa ngapi?”

Nilicheka. Usiku, kicheko kiliisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia naisoma kwa vitabu vya kuazima na kwa kuuliza wazee. Hapo ndipo nilimkuta tena Moraa wa Ngiti, yule mganga na mbashiri wa Kitutu aliyewachochea vijana wampinge Mwingereza. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Jamaa alipona. Jeshi likaletwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wakauawa kwa wingi mpaka Churchill, aliyekuwa ofisi ya makoloni kule London, akalalamika. Otenyo aliuawa.

Angalia sasa vile kazi hulipa. Northcote, aliyekuwa hajafika hata miaka 30, alipanda ngazi mpaka akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Moraa alikuwa na ujuzi, alikuwa na watu waliomsikiliza, lakini machoni pa mkoloni mwanamke mweusi wa aina hiyo hakuwa na cheo. Alikuwa mchawi tu, basi.

Na Ekegusii haichanganyi mambo hivyo. Omorogi ndiye anayeroga. Omoragori ni mwaguzi: unamwendea akuambie kwa nini mtoto haponi, au kwa nini mimba zinaharibika. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake hasa, kazi yenye wateja na malipo. Sheria ya Uchawi ya 1925 haikujali sana tofauti hiyo. Kanisa nalo halikujali. Na sisi, tuseme ukweli, tulilibeba neno la mzungu tukaliongezea moto wetu wenyewe: Mei 2008 watu 11 walichomwa hadi kufa hapa Kisii wakiitwa wachawi, wengi wao akina mama wazee. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo.

Simlaumu nyanya. Amekulia mahali ambapo mwanamke anayejua dawa ni ama msaidizi wa mtu fulani, ama ni wa kuogopwa.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama aliwahi kumjua omoragori yeyote. Aliangalia mlango kwanza.

“Mama yangu alikuwa mmoja,” akasema. “Lakini jina lake usiliandike.”

Sijaliandika.