Filamu ya Afweyne (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Januari 2013, baada ya miaka minane ya uharamia, Mohamed Abdi Hassan, ambaye Wasomali humwita Afweyne, yaani Mdomo Mkubwa, alijitokeza hadharani kutangaza kuwa ameachana na kazi hiyo. Kisha ukaja ujumbe kutoka Ulaya: kuna watu wanataka kutengeneza filamu ya maisha ya maharamia, na wanamtaka yeye awe mshauri wao. SASA ENDELEA...

Ujumbe ule haukumfikia moja kwa moja. Ulipitia kwa Mohamed Aden, maarufu kama Tiiceey, aliyewahi kuongoza jimbo la Himan na Heeb, katikati ya Somalia. Mazungumzo yalichukua miezi. Polepole, mzee akalainika.

Na kweli, filamu ya namna hiyo ingeanzia wapi? Ningepewa mimi, ningeianzia ufukweni Hobyo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, bahari ya Somalia ilibaki haina mwenyewe. Meli za uvuvi za kigeni zikaja kukokota nyavu zao hadi karibu na pwani, na wavuvi wadogo wakasimulia jinsi zana zao zilivyoharibiwa usiku. Machungu yale yalikuwa ya kweli. Huniuma kila nisikiapo mtu akiyapuuza.

Lakini ningetaka kamera isogee zaidi, imfikie kijana aliyesimama mbele ya mashua ya faiba, mashine ikinguruma nyuma yake. Mikononi ana ngazi ndefu ya alumini yenye ndoano kichwani. Ubavu wa meli unapanda na kushuka mbele ya macho yake. Akikosea hatua moja, maji yanamsubiri. Akiwa wa kwanza kukanyaga sitaha, atapata mgawo wa ziada. Mirungi anayotafuna ameikopa kwa bei ya kuruka, na deni litakatwa siku fidia itakapodondoshwa kwa parachuti. Mkopeshaji yuko nchi kavu, kivulini, hajalowa hata unyayo.

Wao hujiita walinzi wa pwani. Majirani zao huwaita burcad badeed, majambazi wa baharini. Mimi nasimama na majirani. Mvuvi aliyeporwa samaki wake hakurudishiwa hata mmoja kwa fidia zile, na baharia anayewekewa bunduki kichwani hakumwibia mtu yeyote.

Waulize mabaharia 10 wa Pompei. Meli hiyo ya Ubelgiji ilitekwa Aprili 2009 ikiwa njiani kuelekea Shelisheli. Walikaa mateka zaidi ya siku 70, hawajui kesho yao, hadi fidia ilipolipwa na wakaachiwa mwishoni mwa Juni. Dunia ikageukia habari nyingine. Nchini Ubelgiji, faili la Pompei halikufungwa. Ndani yake, jina moja lilijirudia: Afweyne.

Je, yeye alilijua hilo? Kama alilijua, hakuliogopa vya kutosha. Sifa ina utamu wake, na mtu aliyeahidiwa kusimuliwa maisha yake kwenye filamu husahau mengi.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2013, ndege kutoka Nairobi ikatua Brussels. Ndani yake walikuwamo Afweyne na Tiiceey. Abiria wakafungua mikanda, wakasimama, wakashusha mizigo yao. Wawili hao walikuwa wamevuka bara zima kwenda kuzungumzia filamu, na wenyeji wao walikuwa tayari uwanjani, wakiwasubiri.

Ila wenyeji hao hawakuwa watengenezaji wa filamu.

ITAENDELEA. Ndugu msomaji, usikose Jumamosi ijayo: tutashuka nao kwenye ndege hiyo.